Sahani za Marehemu

Mpaka leo watu wa kijiji chetu, Valea Ursoaiei, wakitaka kunichokoza huniuliza, "Nesi Sanda, marehemu mmoja ana kalori ngapi?" Nami huwajibu kwamba inategemea aliyempikia. Wanacheka, nacheka nao, ingawa mwaka huo wote sikuona cha kuchekesha. Swali lenyewe lilizaliwa kwenye zahanati yangu ya chumba kimoja, ng'ambo ya barabara kutoka kanisani, na aliyelizaa ni mpiga kengele wetu, Tudose Cârstea.

Tunamwita Nea Tudose, kama tunavyomwita mwanaume yeyote aliyetuzidi umri na tunayempenda kiasi cha kumtania. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, amestaafu kiwanda cha mbao, na kengele mbili za kanisa la Mtakatifu Ilie alikuwa akizipiga kwa mwaka wa thelathini na moja. Hazipigwi kwa kamba kutoka chini, maana kuna sakafu mbili katikati. Lazima mtu apande mpaka juu, asimame kati ya kengele hizo, moja aivute kwa mkono na nyingine aisukume kwa mguu. Akifa mwanamke hupigwa hivi, akifa mwanaume hupigwa vile, na kwa mtoto kuna mlio mwingine ambao tunaomba tusiusikie. Anayeijua milio hiyo ni Tudose peke yake. Vijana wepesi ambao wangejifunza wako Italia na Uhispania wakichuma stroberi.

Siku ya Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari, alikuwa akipanda kama kawaida, kipago cha tisa cha ngazi kikakatika. Hakuanguka. Alibaki ananing'inia kwa mikono, na ilibidi wanaume wanne wakamshushe, mmoja wao analalamikia mgongo mpaka sasa. Seremala aliweka kipago kipya, akaigongagonga miimo ya ngazi, akatikisa kichwa.

"Mtu wa kilo mia, sawa," akasema. "Zaidi ya hapo mimi simo."

Ngazi mpya ilihitaji kibali cha idara ya majengo ya kale. Padri wetu, Baba Anghel, alikuwa ameomba kibali hicho miaka minne nyuma na bado alikuwa akisubiri jibu. Baba Anghel ni mtu mwema, kijana, ana haraka na ana simu nzuri. Akamwonyesha Tudose kwenye simu hiyo picha za mtambo wa umeme wa kupiga kengele: unabonyeza kitufe ukiwa umekaa.

"Nakupa mpaka sikukuu ya Mtakatifu Ilie, tarehe ishirini Julai," akamwambia. "Ukiwa chini ya kilo mia kwenye mizani ya Nesi Sanda, mnara ni wako. La sivyo, naagiza mtambo. Sitaki kukuzika, Nea Tudose. Nani atakupigia kengele?"

Basi kuanzia siku hiyo hakupanda mtu. Watu walikuwa wakiitwa ibadani kwa kugonga ubao mrefu ulioning'inizwa chini ya mnara, na waliokufa majira yale ya baridi walipigiwa mlio wa kengele uliorekodiwa kwenye simu ya Baba Anghel na kupazwa kwa spika. Katikati ya mlio wa marehemu Costache iliingia meseji.

Siku ya pili baada ya onyo la padri Tudose akaja kwangu, akavua kofia, akapanda mizani akiwa na koti, mabuti na aibu. Nikamvua koti na mabuti. Kilo mia moja na kumi na sita.

"Nesi, una dawa?"

"Ninayo. Inaitwa penseli."

Nikamwazima mizani yangu ya jikoni, nikampa daftari la mistari na karatasi yenye kalori za kila chakula, nikamwambia asizidishe elfu moja na mia tisa kwa siku na aandike kila kinachopita mdomoni. Aliniapia kwa jina la mama yake. Mimi ni mtu wa kuamini watu wanapoapa, na hiyo ni kasoro yangu ya kazi.

Wiki ya kwanza daftari lilirudi limeandikwa: ugali, kipande, jibini, kipande, mkate, kipande.

"Kipande cha ukubwa gani, Nea Tudose?"

"Cha kawaida."

Nikamwambia kesho aniletee hicho cha kawaida nikione. Akaniletea robo ya mkate imefungwa kwenye gazeti, na alikuwa ameilinda njiani na mbwa kwa shida kubwa.

Wiki ya pili aliandika mafuta ya alizeti, kijiko kimoja. Nikaenda mwenyewe jikoni kwao. Mkewe Chiva, mwanamke mwembamba asiyenenepa hata umlishe nini, akanionyesha hicho kijiko bila kupepesa macho. Kilikuwa upawa wa supu.

"Hicho ndicho tunachotumia kwa mafuta," akasema. "Mama mkwe alikuwa na kikubwa zaidi."

Pombe ya plamu ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha habari "dawa", bila kalori. Nikaihamishia inakostahili. Kisha ukaja mkasa wa bakuli. Tudose alipima supu ya kunde ndani ya bakuli la udongo la nyumbani kwao, ambalo lenyewe ni zito kiasi cha kumuua mtu. Mizani ikasema kilo moja na nusu. Akaogopa, akala nusu yake, na kwa siku mbili akashinda na njaa akiamini amekula kama farasi. Nilipomkuta amejiinamia kwenye ngazi za kanisa, nilimfundisha: kwanza unapima sahani tupu, unaandika, halafu unapima sahani na chakula, unatoa ile ya kwanza.

"Unatoa sahani," nikasema.

"Natoa sahani," akasema, na uso wake ukang'aa.

Alilipenda somo lile kupita yote. Akazunguka kijiji kizima akiwaeleza watu kuhusu kutoa sahani. Alipima sahani zote za nyumbani akaandika uzito wake chini kwa rangi, na Chiva akanuna wiki nzima kwa sababu ya zile za arusi yao.

Kufikia katikati ya Februari sikuwa nimepata kuona daftari zuri kama lile. Mkate, gramu sitini na mbili. Yai moja, bila ganda. Ugali, gramu mia na hamsini, sahani imetolewa. Jumla kwa siku, elfu moja mia nane na hamsini, elfu moja mia tisa kasoro kidogo. Nilikuwa najivunia kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mmoja mwenye akili katika maisha yake.

Tatizo lilikuwa dogo tu: alikuwa ananenepa. Mia na kumi na sita na nusu. Mia na kumi na saba. Mia na kumi na saba na gramu mia nne.

Nikaikasirikia mizani kwanza. Nikaenda dukani nikaazima mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano, nikaupandisha. Mizani ikasema ishirini na tano. Nikapeleka damu yake hospitali ya mjini, wakaniandikia kwamba damu ni nzuri, wangependa kuwa nayo wao. Nikamshuku Chiva kwamba anatia siagi kwa siri. Mwishowe nikamshuku Tudose mwenyewe, na nikamuuliza kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka.

"Unanidanganya?"

Machozi yakamlengalenga. "Nesi, mimi nimeacha hata kulamba kijiko cha asali. Chiva akifungua chungu mimi natoka nje. Unadhani nataka watu wazikwe kwa simu?"

Nikaona haya, nikamwomba radhi. Lakini kilo zilikuwa pale pale.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima ni Jumamosi ya marehemu, na wanawake wote tulikwenda makaburini na vikapu. Kwetu anayetoa sahani humtaja marehemu wake, anayepokea husema "Mungu amsamehe", na chakula kile humfika aliyetajwa huko aliko. Nilikuwa nimesimama kwenye kaburi la mama nikiwasha mshumaa, nikamwona Nea Tudose akitoka kaburi hadi kaburi. Mpiga kengele ndiye hupewa wa kwanza, ni heshima yake. Alipokea sarmale, zile kabichi za chumvi zilizofungiwa nyama ya nguruwe, akala tatu. Akala mkate mtamu wenye jozi. Akala ngano ya sukari, akashushia na glasi ya divai, akajipangusa, akaendelea na kaburi la jirani. Alikula kwa utulivu, hana hofu, hajifichi. Hata alinipungia mkono.

Jumatatu nikamfungulia daftari mbele ya macho yake. Jumamosi: ugali gramu mia na arobaini, mtindi glasi moja, tufaha. Jumla, mia sita na hamsini.

"Nea Tudose. Na zile sarmale?"

"Zipi?"

"Za makaburini. Nimekuona kwa macho yangu haya."

"Aaa, zile," akasema, akatulia kabisa. "Zile ni za Ilie."

"Ilie gani?"

"Mume wa Bibi Safta."

"Ilie amekufa miaka kumi na sita."

"Ndiyo. Sasa ni za nani kama si zake?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa akinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni.

"Mimi nafungua mdomo tu, nesi. Kinachoshiba ni yeye. Uliniambia niandike ninachokula mimi, nami naandika mpaka ganda la yai. Sasa nikaandike chakula cha mwenzangu?"

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia anitajie, kwa wiki moja ya kawaida, marehemu wote aliofungua mdomo kwa ajili yao. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akamaliza, akarudia mkono wa kwanza. Wako wa siku arobaini, wa miezi sita, wa mwaka, wale wa kila Jumamosi. Bibi Safta peke yake alikuwa akipitisha sahani juu ya ua mara tatu kwa wiki. Kwa hesabu ya haraka, mpiga kengele wetu alikuwa akila kwa niaba ya marehemu kumi na saba, na hao kumi na saba walikuwa wanapenda mafuta. Kalori elfu tisa kwa wiki.

"Elfu tisa," nikasema. "Unazijua ni nini? Hapo unaweza kunenepesha na padri."

"Lakini ni zao."

"Basi wao ndio wamevunja ngazi?"

Nikaendelea, maana nikishapanda hasira sishuki upesi: kwamba tumbo halijui nani katajwa, kwamba mdomo ni mlango mmoja, kwamba nimepeleka damu mjini kwa nauli yangu. Alinisubiri nikamaliza. Kisha akasema polepole, bila ubaya wowote:

"Na mama yako, nesi? Siku ya arobaini yake ulinipa mkate mtamu vipande viwili. Nikasema kimoja kinatosha, ukasema mama alikuwa anaupenda. Ukalia. Nikala vyote viwili. Hivyo navyo niviandike kwenye unene wangu?"

Mama alifundisha hesabu katika shule ya kijiji hiki kwa miaka thelathini na minane, na mimi nilikuwa nimesimama getini siku ile na sahani mkononi, na niliamini kabisa, kama ninavyoamini hadi sasa, kwamba anakula. Nikaenda dirishani nikajifanya natafuta kitu.

"Andika," nikasema baadaye. "Mama asingevumilia hesabu iliyopungua."

Akaandika. Tangu siku hiyo daftari likawa na safu mpya, na kila sahani ilikuwa na jina: Ilie Dincă, sarmale tatu, mia nne na themanini. Costache, maharage ya mafuta, mia tatu. Mama yake nesi, mkate mtamu, mia mbili na kumi. Kwa mara ya kwanza jumla ya daftari na mizani yangu vilikubaliana, na Tudose alipoona namba yenyewe akajishika kichwa.

Kuziandika ilikuwa kazi nyepesi. Kuzikataa hakuwezi mtu. Ukikataa sahani ya marehemu umemfungia mlango marehemu, na aliyetoa hakusalimii tena. Kwa hiyo nilikwenda kwa aliyekuwa chanzo kikubwa zaidi, Bibi Safta Dincă, jirani yao, miaka themanini na mmoja, hana mtoto wala ndugu wa karibu. Alikuwa akitoa sahani za mumewe, na kwa kuwa hakuwa na wa kumtolea yeye siku za mbele, alikuwa akijitolea na za kwake kabisa angali hai. Nilimkuta uani akimenya vitunguu saumu.

"Umekuja kumtetea mnene," akasema kabla sijaketi.

"Nimekuja kukuomba umpunguzie, bibi."

"Mimi nampa Ilie wangu. Tudose ni sahani tu."

"Hiyo sahani imefika kilo mia na kumi na saba."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akaweka kisu chini.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sina mtu. Miaka kumi na sita namlisha yule mwanaume ili siku yangu ikifika apande anipigie kengele vizuri, kwa mkono, ule mlio wa wanawake, usikike mpaka ng'ambo ya mto. Sina kingine ninachotaka. Sasa Baba Anghel anipigie simu? Nimsikie Mungu akisema pokea?"

"Basi, bibi, mlio huo unauzuia wewe mwenyewe. Kila sarmale unayompa inamrudisha chini."

Hakuwa amefikiria hivyo. Nilimwona akifikiria, akikitazama kitunguu alichoshika.

"Desturi haisemi lazima iwe nyama," nikamwambia. "Watu wanatoa ndoo ya maji. Wanatoa taulo, kikombe, matunda."

"Kwa hiyo Ilie wangu ale matango."

"Ale matango."

"Alikuwa anayachukia matango."

"Ana muda wa kuyazoea."

Akanifukuza uani kwake. Lakini Jumamosi iliyofuata Tudose alikuja na daftari, ameandika: Ilie Dincă, matango ya siki manne, kalori ishirini na nane. Jumamosi ya baada yake: Ilie Dincă, taulo, sifuri. Aliandika hiyo sifuri vizuri, akaizungushia duara.

Ulipita mwezi mmoja wa amani. Kisha Bibi Safta akaota. Ilie alimjia amekonda, akamuuliza wamefilisika lini. Akaja zahanati asubuhi akiwa amevaa kitambaa chake cha sikukuu, akanieleza ndoto hiyo kana kwamba mimi ndiye niliyemfunga mumewe jela.

"Mpe basi sarmale," nikasema. "Ila mpe mtu mwingine azile."

"Nani?"

Nilimtazama Baba Anghel kupitia dirishani. Alikuwa akiegesha gari, mwembamba, na simu sikioni.

"Yule pale," nikasema. Mungu anisamehe.

Kuanzia Pasaka sahani zote za mafuta za Valea Ursoaiei zilikuwa zikielekea nyumba ya padri, maana wanawake wengine nao walimfuata Bibi Safta, na Tudose alibaki na matufaha, vitunguu vibichi, ndoo za maji, vikombe, na soksi jozi sita. Mahindi ya bustani aliyapalilia mwenyewe badala ya kukodi trekta. Kilo zikaanza kuondoka, mbili, tano, tisa. Mwezi Juni Chiva alikaza mkanda wake kwa kutoboa tundu jipya kwa msumari. Mwezi huo huo Baba Anghel aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama kanzu zinaweza kunywea zikifuliwa.

Wakati wa kupima kila Jumatatu Bibi Safta alikuwa akija kukaa kwenye benchi ya nje. Hakuingia. Tudose akitoka, bibi alimuuliza neno moja tu.

"Ngapi?"

"Mia na nne, Bibi Safta."

"Harakisha. Mimi si mtambo wa umeme, nazeeka."

Julai tarehe kumi na nne, Jumatatu, alikuwa mia na moja na gramu mia tisa. Zilibaki siku sita. Bibi Safta alisikia namba hiyo, akainuka kwenye benchi kwa kunishika bega, akaenda zake nyumbani taratibu. Nilimpima presha jioni ile, sikuipenda, nikamwambia twende mjini. Akasema ana maharage ya kumenya.

Alhamisi asubuhi jirani yake Veta alimkuta kwenye kiti chake uani, bakuli la maharage mapajani, yamemenywa yote.

Nilipotoka kumfunga marehemu kidevu na kurudi zahanati, Tudose alikuwa mlangoni ananisubiri, na Baba Anghel nyuma yake ameshika simu.

"Nipime," Tudose akasema.

Akavua koti na mabuti, akapanda. Mia na moja na gramu mia nne. Nikasoma kwa sauti kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba namba husomwa kama ilivyo.

Baba Anghel alisafisha koo. Yeye naye alikuwa na huzuni, nasema kweli. "Nea Tudose, nilisema mia. Nikikuruhusu leo ngazi ikakatika, nitajibu nini? Acha nimpigie kwa hii, mtambo utakuja..."

"Nesi," Tudose akasema. Alikuwa bado amesimama juu ya mizani, anatazama ukutani. "Hujatoa sahani."

"Sahani gani?"

"Hizi."

Akashuka. Akavua shati, mkanda uliojaa matundu, suruali nzito ya kazi, akavirundika mikononi mwangu juu ya koti. Akabaki na fulana na suruali ya ndani ndefu, nyeupe, aliyoshonewa na Chiva. Akatoa saa, akatoa pete ya ndoa kwa kuilowesha mate, akapanda tena. Mizani ikatapatapa, ikatulia. Tisini na tisa na gramu mia sita.

Baba Anghel aliinama akasoma mwenyewe.

"Ni chini ya mia," akakiri. "Lakini ukipanda utakuwa umevaa."

"Nitapanda kama nilivyopimwa," Tudose akasema. "Hesabu ni hesabu, baba."

Akafungua mlango, akatoka.

Barabara yetu asubuhi ya msiba huwa na watu. Wanawake walikuwa wakipita na unga na mayai kwenda kwa Bibi Safta, wanaume wamebeba mbao za meza. Wote wakasimama. Nea Tudose akavuka barabara peku, na suruali ya ndani, mgongo umenyooka, na mimi nyuma yake na rundo la nguo, na padri nyuma yangu. Chiva alikuwa getini kwa Veta. Alijifunika uso kwa aproni, kisha akaishusha, akamtazama mumewe mpaka alipoingia mlango wa mnara. Mtu mmoja alivua kofia.

Ngazi ina vipago thelathini na kimoja. Nilisimama chini nikavihesabu kwa sauti ya mbao inavyolia. Kipago cha tisa kililia zaidi, Baba Anghel akanishika mkono bila kujua. Ishirini. Ishirini na saba. Thelathini na kimoja. Kisha kimya, anatafuta pumzi huko juu.

Halafu ikalia ile kubwa, na ndogo ikaifuata, mlio wa wanawake, taratibu, kwa mkono. Tangu Januari hatukuwa tumeusikia. Nilijua unavuka mto, maana mbwa wa ng'ambo walianza kubweka. Nililia nikiwa nimeshikilia suruali ya mtu, na sikuona aibu. Nilimlilia Bibi Safta, na mama, ambaye alipigiwa mlio huo huo na mikono hiyo hiyo.

Alipiga nusu saa, kama inavyotakiwa. Alipoteremka akaketi kwenye ngazi ya kanisa, nikamtupia koti mabegani. Veta akaja na sahani iliyofunikwa kitambaa. Kwa desturi sahani husubiri mazishi, lakini Bibi Safta alikuwa amepika Jumatano akaacha maagizo: sahani ya kwanza ni ya Tudose, atakaposhuka. Veta akafunua. Sarmale tatu kubwa, zinang'aa mafuta, na kipande cha nyama ya moshi juu yake.

"Alisema nikwambie leo hakuna matango," Veta akasema. "Sahani ya Safta."

"Mungu amsamehe Safta," Tudose akajibu.

Alikula zote tatu, taratibu, mpaka akapangusa sahani kwa mkate. Kisha akanyoosha mkono kwenye nguo nilizobeba, akatoa daftari kwenye mfuko wa suruali, akalilaza gotini, akaanza kutafuta penseli. Aliandika: Safta Dincă, sarmale tatu.

Nikaichukua penseli mkononi mwake kabla hajafika kwenye namba.

"Hizo ni zake," nikasema. "Zake wewe usiziandike."